Je, Kufuatisha Picha ni Kuiba? Somo la Dele la Kahawa na Vijumba 1024

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, alasiri ya mwezi wa Ramadhan. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Wazazi wangu, ndugu zangu na dada zangu vijana, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Najua saa hizi koo zimekauka na macho yanaangalia saa ya ukutani, kwa hivyo nitajitahidi nisiwachoshe. Nawe msomaji unayeyasoma haya nyumbani, jihesabu kuwa umekaa nasi hapa mkekani.

Wiki iliyopita, katika darasa letu dogo la kompyuta, binti mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali. Nilikuwa nawaonyesha jinsi ya kuchora kwa pikseli, yaani kutengeneza picha kwa nukta za mraba, moja baada ya nyingine. Niliweka picha ya kamera chini, nikaweka leya tupu juu yake, nikaanza kufuatisha. Akanyanyua mkono, akasema: "Mwalimu, hii si ni kuiba? Mbona tunaambiwa tusinakili?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo nililijibu vibaya nilipokuwa na umri kama wake, na jibu lile lilinigharimu. Basi leo nataka nimjibu mbele yenu nyote. Nitawaeleza kazi yenyewe inavyofanywa, hatua kwa hatua, ili hata asiyewahi kushika kompyuta aelewe. Kisha nitawaambia mpaka uko wapi kati ya kujifunza na kuiba.

Pikseli ni nini?

Chukua simu yako, fungua picha yoyote, uikuze mpaka mwisho. Utaona picha imevunjika ikawa vijumba vidogo, kila kimoja na rangi yake. Kijumba kimoja ndicho pikseli. Picha ya kamera ina mamilioni ya vijumba hivyo, hakuna anayevihesabu. Lakini katika sanaa ya pikseli vijumba ni vichache, na kila kimoja kimewekwa na mchoraji kwa kukusudia. Hakuna kijumba kilichojiweka chenyewe.

Msidhani kwamba jambo hili limeanza na kompyuta. Nendeni mkaangalie mkeka wa ukili wenye rangi. Ua lililo kwenye mkeka halina mviringo wa kweli, limejengwa kwa vipande vya miraba, na ukikaa mbali kidogo jicho linakubali kuwa ni ua. Kitambaa cha kudarizi kwa alama za msalaba ni vivyo hivyo. Kuna pia khati ya Kufi ya mraba, ambayo mafundi wa matofali wa Iran na Asia ya Kati waliitumia kuandika kwenye kuta za misikiti karne nyingi zilizopita. Herufi zake zote zimejengwa juu ya vijumba vilivyo sawa, wino na nafasi tupu zikiwa na upana mmoja. Ukimpa fundi yule karatasi ya hesabu na penseli, angetuchorea pikseli bila ya kufundishwa.

Na kompyuta zenyewe zilianza hivyo hivyo. Kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984, alama zake ndogo za skrini zilichorwa na mama mmoja wa Marekani, Susan Kare. Kabla ya kupata programu ya kuchorea, alinunua daftari la karatasi ya vijumba. Akajipimia vijumba 32 kwenda kulia na 32 kwenda chini, akawa anavijaza kimoja kimoja. Piga hesabu: 32 mara 32 ni 1024. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote. Kwa vijumba 1024, vyeusi na vyeupe tu, ilimbidi mtu aone ni pipa la taka, au ni bomu, au ni karatasi. Mama huyu amesema mara nyingi kwamba kazi ile ilimkumbusha kudarizi na kupanga vigae vidogo vya ukutani.

Sisi leo tutatumia mali iyo hiyo, vijumba 1024. Na kitu tutakachochora ni dele la kahawa.

Kwa nini dele?

Kwanza, kwa sababu kila mtu wa hapa analijua. Baada ya tarawehe, muuza kahawa akipita akigonganisha vikombe, hata mtoto anajua ni nani. Pili, dele lina umbo ambalo halifanani na kitu kingine: tumbo pana chini, shingo nyembamba, mdomo uliopinda, mkono nyuma na kifuniko chenye ncha. Katika picha ndogo, umbo ndilo linalosema. Tatu, dele ni chombo, si kiumbe chenye roho. Najua kuna mazungumzo marefu baina ya wanavyuoni juu ya kuchora viumbe, na mimi si wa kuyaamua hapa. Mwenye swali hilo amuulize sheikh wake. Kwa anayejifunza, vyombo, milango, majahazi, majumba na herufi vinatosha kumshughulisha miaka.

Hatua ya kwanza: piga picha yako mwenyewe

Hapa ndipo mambo mengi yanapoamuliwa, kwa hivyo sikilizeni. Usiende kwenye intaneti kutafuta picha ya dele. Nenda jikoni. Liweke dele juu ya meza, nyuma yake tundika shuka nyeupe au kanga isiyo na mauwa mengi. Lielekeze ubavu, mdomo kushoto na mkono kulia, ili umbo lote lionekane. Mwanga utoke upande mmoja tu, dirishani, usitumie taa ya simu. Shusha simu mpaka iwe sawa na tumbo la dele. Ukipiga kutoka juu, umbo litapotea. Piga picha kumi, chagua moja.

Hatua ya pili: punguza picha

Sisi darasani tunatumia programu ya GIMP kwa sababu ni ya bure na si ya kuiba. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, nayo hadi leo inapatikana bila malipo. Programu nyingine yoyote yenye leya na penseli itafaa.

Fungua picha, uikate iwe mraba, kisha uipunguze mpaka 32 kwa 32. Ukiikuza kwenye skrini utaona uji. Kweli, uji wa ukungu! Usishtuke. Tuseme picha yako ilikuwa na nukta 960 kila upande. Kila kijumba kipya kimebeba nukta 30 kwa 30, yaani nukta 900 zilizochanganywa zikawa rangi moja. Kile kijumba kilichokuwa ukingoni, nusu shaba na nusu shuka, kimekuwa rangi isiyo ya shaba wala ya shuka.

Kuna wanaoishia hapa wakasema wamefanya sanaa ya pikseli. Bado bwana. Mashine imechukua wastani, haikuamua kitu. Haijui kwamba mdomo wa dele ni muhimu kuliko mkunjo wa shuka. Kuamua ni kazi yako.

Hatua ya tatu: leya ya juu

Sasa ongeza leya mpya iliyo tupu, juu ya ile picha. Leya ni kama karatasi ya plastiki inayoonyesha, ile tuliyokuwa tukiiweka juu ya ramani skuli ili tuifuatishe. Ile picha ya chini ipunguze nguvu mpaka nusu, ionekane kama kitu kilicho nyuma ya pazia jembamba. Halafu hakikisha umebofya leya ya juu kabla hujaanza. Wengi huchora nusu saa, kumbe wamechora juu ya picha yenyewe, na kazi yote imeungana haitengani tena.

Chukua penseli, usichukue brashi. Katika GIMP bonyeza herufi N. Brashi hulainisha ukingo na kukuletea rangi za katikati ambazo hukuzitaka. Penseli huweka kijumba kizima au haiweki. Ukubwa wake uwe 1. Kifutio nacho kiwekee ukingo mkavu, la sivyo kitafuta nusu nusu. Bonyeza 5 ili ukuze mara 16, na uwashe mistari ya vijumba, nafasi yake iwe 1.

Asiye na kompyuta asivunjike moyo. Chukua daftari la hesabu la vijumba, hesabu 32 kwa 32, uliweke dele mbele yako. Susan Kare alianza hivyo.

Hatua ya nne: ukingo

Anza na mstari wa nje, kwa rangi moja nyeusi au kahawia nzito. Panga nafasi kwanza: acha vijumba 2 kila upande, mdomo upewe 7, tumbo 14, mkono 7. Jumla 32. Tumbo likiwa na vijumba 14, katikati yake ni kati ya kijumba cha 16 na cha 17, kwa hivyo unaweza kuchora nusu moja ya tumbo na shingo, ukainakili na kuigeuza upande wa pili. Shaba ya kweli huenda ina kibonyeo, lakini jicho litapenda mizani.

Sasa ndio utakuta kwamba kufuatisha hakutoshi. Mstari wa tumbo kwenye picha umepinda taratibu, lakini wewe una ngazi tu. Ukifuata uji ule kijumba kwa kijumba, mstari utatoka umekwaruzika kama meno ya msumeno. Kanuni ni hii: hesabu urefu wa kila ngazi. Ukishuka vijumba 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, jicho litaona mviringo. Ukishuka 4, kisha 1, kisha 3, kisha 2, jicho litaona kitu kilichovunjika. Kwa hivyo mara nyingine utaenda kinyume cha picha kwa makusudi. Picha inasema kijumba kiwe hapa, wewe unakisogeza pale, kwa sababu dele lako linataka hivyo. Angalia pia pembe: vijumba viwili vikikutana kama kona ya ukuta mahali ambapo mstari unapita mshazari, futa kile cha kona. Mstari utapumua.

Hatua ya tano: rangi

Usizidishe rangi 5. Rangi ya ukingo, kahawia ya kivuli, shaba yenyewe, manjano ya mwanga, na nyeupe kidogo ya mng'aro. Picha ya kamera ina mamia ya rangi katika dele hilo moja. Usizidonoe zote, maana hapo utarudi kwenye uji. Chagua rangi zako, uziweke pembeni kama mpishi anayepanga bizari zake kabla ya kuwasha moto.

Mwanga umetoka dirishani, tuseme kushoto juu. Basi kushoto kwa tumbo pawe na manjano, kulia pawe na kivuli. Kosa la wanaoanza ni kuzungushia kivuli ukingo wote na kuweka mwanga katikati, mpaka dele linakuwa kama mto wa kulalia. Shaba haiko hivyo. Shaba ni ngumu, mwanga wake ni mkali na mwembamba. Vijumba 3 vyeupe tumboni na 1 kwenye kifuniko vinatosha.

Hatua ya sita: zima picha ya chini

Hii ndiyo hatua ninayoipenda na ninayoiogopa. Pembeni mwa kila leya pana alama ya jicho. Bofya jicho la ile picha ya kamera, ipotee. Sasa limebaki dele lako peke yake. Bonyeza 1, ulione kwa ukubwa wake halisi, dogo kama kucha. Muite ndugu yako, usimwambie kitu, muulize: "Hiki ni nini?" Akisema "dele", umefaulu. Akisema "birika" au "chupa ya marashi", rudi ukaangalie shingo na mdomo.

Ukimaliza, hifadhi kazi yako pamoja na leya zake, kisha toa nakala ya PNG. Usitoe JPEG, kwa sababu JPEG huacha vumbi la rangi kando ya kila ukingo. Ukitaka kuikuza kwa ajili ya kadi au gazeti, ikuze kwa namba kamili, mara 10 au mara 20, na uiambie programu isilainishe chochote.

Habari ya ndugu wawili

Sasa turudi kwa swali la binti yetu. Nitaanza na kisa cha kweli ambacho wapenzi wa michezo ya kompyuta wanakijua.

Mwaka 1985 kijana wa Marekani aitwaye Jordan Mechner alitaka kutengeneza mchezo wa kompyuta ambao mtu wake anakimbia na kuruka kama mtu wa kweli. Hakuwa mchoraji hodari. Basi alimchukua mdogo wake, David, akamvalisha nguo nyeupe, akampeleka kwenye uwanja wa kuegesha magari, akamwambia akimbie, aruke, adandie ukuta, huku yeye anampiga video. Kisha akapiga picha skrini ya televisheni, akazisafisha picha zile kwa kalamu nyeusi na wino mweupe wa kufutia mpaka likabaki umbo tupu la mtu, akaziingiza kwenye kompyuta ya Apple II, akafuatisha kwa pikseli. Mchezo wenyewe, Prince of Persia, ulitoka mwaka 1989. Miaka minne! Kwa mapigano ya panga alichukua sekunde chache za filamu ya Robin Hood ya mwaka 1938, akajifunza kutoka kwenye mwendo wa waigizaji wale, na jambo hilo amelieleza mwenyewe hadharani.

Je, Mechner aliiba? Tazameni alichofanya. Alimfuatisha mdogo wake, kwa ruhusa yake, katika video aliyoipiga mwenyewe. Kilichobaki skrini si video, ni vijumba alivyoviamua yeye. Na palipokuwa na mkono wa wengine, hakuficha.

Habari yangu mimi

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha tatu. Kulikuwa na mashindano ya kadi za Idd baina ya skuli. Nilikwenda saiba, wakati ule tukilipa kwa dakika, nikatafuta, nikaona picha ya pikseli ya msikiti na mwezi mwandamo, imechorwa na mtu wa nchi ya mbali. Ilikuwa nzuri mno. Alasiri tatu nilikaa pale nikaifuatisha, kijumba kwa kijumba, rangi kwa rangi. Nikaandika chini yake jina langu.

Nikashinda. Nikapewa kamusi na shilingi 2,000. Mama alifurahi, akaionyesha kadi ile kwa majirani wote wa mtaa.

Baada ya Idd akaja mwenye duka la kuchapisha. Akamwambia baba: "Mtoto wako ana mkono. Nataka anichoree picha sita namna ile ile: Ngome ya Yesu, mlango wa nakshi, jahazi, na nyinginezo." Akaacha arubuni. Mimi nikakaa mbele ya kompyuta siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikuweza kuchora hata mlango. Sikujua kwa nini yule mtu aliweka kijumba pale na si hapa. Sikujua mstari wa kuba umepindaje. Nilifuatisha mkono wa mwenzangu bila kujua macho yake yaliona nini. Picha ya chini ilipozimwa, kwangu hapakubaki kitu.

Jioni ya siku ya nne nikamwambia baba. Nilidhani atanipiga, hakunipiga. Aliichukua ile kadi, akaiweka mezani, akaniuliza: "Mwanangu, kipi chako hapa?" Nikaitazama kadi yote. Kilichokuwa changu ni jina tu.

Kesho yake tulikwenda pamoja kurudisha arubuni, na nikawaambia walimu waliosimamia mashindano. Kamusi na pesa zikaenda kwa msichana aliyekuwa wa pili. Ilibidi mama apite kwa wale majirani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kumuona mama anarudi nyumbani kimya.

Mpaka uko wapi?

Basi binti yangu, jibu lako ni hili. Kufuatisha ni chombo, kama kisu. Kisu hukatia vitunguu na hukatia mfuko wa mwenzio. Mimi nayagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza, unafuatisha picha yako uliyoipiga mwenyewe, au ya mtu aliyekupa ruhusa, na unaamua kila kijumba. Hiyo ni kazi yako, weka jina lako bila ya hofu. Hakuna aibu yoyote kwamba kulikuwa na picha chini.

Fungu la pili, unafuatisha kazi ya mchoraji mwingine ili ujifunze. Fanya, tena fanya sana. Nyanya yangu alikuwa akishona kofia za vito. Nakshi alichorewa na mtu mwingine juu ya kitambaa, yeye akafuata mistari kwa sindano. Miaka mingi ya kufuata ndiyo iliyomfundisha kuijua nakshi nzuri na mbaya. Lakini kazi ya mafunzo ibaki daftarini kwako. Ukimuonyesha mtu, sema: "Hii nimefuatisha ya fulani." Nyanya alipoulizwa, alisema wazi: "Mimi nimeshona, mchoraji ni fulani." Kusema hivyo hakukumpunguzia hata senti moja, wala heshima.

Fungu la tatu ni lile langu la mwaka 2004: kazi ya mtu, jina lako, na malipo juu yake. Hiyo ni kuiba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda michoro na picha, na hailazimu mwenyewe awe ameisajili. Kubadilisha rangi mbili tatu hakuifanyi iwe yako. Kwamba ilikuwa wazi kwenye intaneti si hoja. Nguo iliyoanikwa kambani iko wazi pia, lakini ina mwenyewe.

Siku hizi kuna programu ambazo ukiziandikia maneno, zinakutolea picha hapo hapo. Vijana mmeniuliza juu ya hizo. Nawajibu kwa swali la baba: kipi chako hapa? Ukiwa na jibu la kweli, na ukimwambia wazi anayekulipa kazi imefanywaje, una kauli. Huna jibu, basi usiweke jina.

Na wazazi, nawaomba jambo. Mtoto akikuletea picha nzuri, usikimbilie kumsifu tu wala kumshuku. Kaa naye. Muulize: "Umeifanyaje? Hapa kwa nini umeweka rangi hii?" Mtoto aliyeifanya mwenyewe atazungumza mpaka futari ipoe. Asiyeifanya atatazama chini, na hapo umempata mapema, kabla mwenye duka hajaleta arubuni. Mimi laiti ningeulizwa hivyo siku ya kwanza, mama asingepita kwa majirani.

Kazi ya nyumbani

Nimewaahidi sitawachosha, basi namaliza. Kabla ya Idd, kila kijana hapa anichoree kitu kimoja cha nyumbani kwao kwa vijumba 32 kwa 32: dele, buli, kibao cha mbuzi, chetezo, mlango, chochote. Apige picha mwenyewe, au achore akikitazama. Alete vyote viwili, picha ya chini na kazi ya juu, tuviweke ukutani pamoja, ubavu kwa ubavu. Hatutaficha picha za chini. Tutaziacha wazi, ili kila mtu aone mlichofuatisha ni kipi, na mlichoamua wenyewe ni kipi.

Na yule binti aliyeuliza swali, ameshaleta lake. Amechora kinu cha nyanya yake. Nilipomuuliza kwa nini mchi ameuinamisha kulia ilhali kwenye picha umesimama wima, alisema: "Kwa sababu nyanya akimaliza kutwanga huuegemeza hivyo. Siku niliyopiga picha tulikuwa tumeushika ili usianguke."

Picha ya chini ikizimwa, binti huyu ana la kusema. Nami nataka kila mmoja wenu awe na la kusema.

 Ramadhan njema, na Idd tukutane ukutani.